Nicodemus si mahame

Kuna aina moja ya makala imenichosha. Mwandishi anafunga safari kwenda kwenye mji mdogo wa wakulima huko Marekani, anapiga picha ya ghala lililoinama na pampu ya maji iliyoshika kutu, anamhoji mzee mmoja aliyekaa barazani, kisha anarudi kwake kutuambia kwamba mji umekufa. Basi, habari imeisha. Aliyeuua ni nani, aliuua lini, na kama kweli umekufa... hayo hayamhusu.

Wadau, leo nataka tuuzungumzie mji mmoja ambao umeshazikwa hivyo mara nyingi mno. Unaitwa Nicodemus. Uko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, kwenye kaunti ya Graham, karibu na mto Solomon, ndani ya lile eneo ambalo Wamarekani huliita Magharibi ya Kati. Sensa ya mwaka 2020 haikupata hata watu 25. Ukipita na gari kwenye barabara kuu namba 24 unaweza kuupita wote kabla wimbo mmoja wa redioni haujaisha.

Walioujenga walikuwa watu waliotoka utumwani. Mwaka 1877 ndio mwaka ambao serikali ya Marekani iliondoa wanajeshi wake wa mwisho waliokuwa wakizilinda serikali za majimbo ya kusini, na watu weusi wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Mwaka huohuo mzungu mmoja mpimaji na mlanguzi wa viwanja, W. R. Hill, alishirikiana na mchungaji mweusi, W. H. Smith, wakaanzisha kampuni ya kuuza viwanja vya mji ambao bado haukuwepo. Wakasambaza vipeperushi hadi Kentucky: njooni Kansas, kuna ardhi, kuna mto, lipeni dola tano. Kwa sheria ya mwaka 1862 mtu angeweza kupewa ekari 160, akiishi hapo na kulima kwa miaka mitano zinakuwa zake. Sasa mfikirie mtu ambaye juzi tu yeye mwenyewe alikuwa anaandikwa kwenye daftari la mali za mtu mwingine, leo anaambiwa njoo uchukue ekari 160. Ungebaki Kentucky?

Mwezi Septemba 1877 wakafika watu wapatao 300. Treni iliwashusha Ellis, na kutoka hapo wakatembea zaidi ya kilometa 50, siku mbili, na watoto na mizigo. Walipofika waliuliza mji uko wapi. Wakaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Wale wachache waliotangulia mwezi Julai walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyoyachimba kwenye kingo za ardhi na kuyaezeka, maana mti wa kujengea haukuwepo. Baadhi ya akina mama walilia palepale. Familia kama 60 ziligeuza na kurudi zilikotoka. Inasimuliwa kwamba nusura Hill anyongwe, na kwa kweli simlaumu aliyeleta kamba.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa mabaya sana. Hawakuwa na chakula cha kutosha, wanyama wa kulimia walikuwa wa kuhesabika, na majembe ndiyo hayo ya mkono. Wazao wao husimulia kwamba wawindaji wa kabila la Osage, wakirudi mawindoni, waliwagawia nyama. Hapo mimi husimama kidogo. Ardhi ile ya "bure" ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili wa nyanda zile, na bado wenyeji ndio waliomlisha mgeni aliyekuja kuichukua. Ni jambo la kuandikiwa makala yake.

Waliobaki walibaki kwelikweli. Jenny Fletcher, binti wa yule mchungaji Smith, alifundisha watoto ndani ya shimo. Mumewe, Zachary, akawa na hoteli. Ikapanda nyumba moja ya mawe, ikafuata nyingine. Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, akawa karani wa kaunti, na mwaka 1882 akachaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa ngazi ya jimbo pale. Miaka mitano tu baada ya yale mashimo! Na kufikia mwaka 1887 kijiji kile kilikuwa na magazeti mawili. Mawili, jamani. Sisi tulio kwenye kazi hii tunajua gharama ya kuliweka hata moja hai.

Ila magazeti yale yalikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuipigia debe reli. Kila mji wa nyanda zile uliamini kwamba bila reli hakuna maisha. Mwaka 1887 wananchi wa Nicodemus wakapiga kura kukubali kutoa hatifungani za dola 16,000 ili kuivutia kampuni ya reli ipitie kwao. Fedha nyingi mno kwa watu wale. Mwaka 1888 reli ikajengwa upande wa pili wa mto Solomon, kilometa chache tu kutoka hapo, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue. Wenye maduka wakahama, wengine wakihamisha hata majengo yenyewe. Magazeti yakazimika.

Na hapa ndipo makala nyingi zinapofunga jalada: reli ikapita pembeni, mji ukafa.

Mimi sikubali, na ushahidi wangu si hisia. Uko pale pale, umejengwa kwa mawe na mbao. Serikali ya Marekani inatambua majengo matano ya kihistoria Nicodemus. Hoteli ya St. Francis na kanisa la AME ni ya kabla ya reli, hayo nayakubali. Lakini kanisa la Kibaptisti ni la mwaka 1907. Shule ni ya mwaka 1918. Ukumbi wa mji ulijengwa kwa chokaa ya kienyeji mwaka 1939, chini ya ule mpango wa ajira wa Rais Roosevelt. Yaani matatu kati ya matano yalijengwa baada ya mji "kufa". Watu gani hao wanaojenga shule mpya miaka 30 baada ya mazishi yao?

Ni wakulima. Reli iliondoka na wafanyabiashara, haikuondoka na mashamba. Ngano haikuwa imeambiwa kwamba mji umekufa. Familia zilizokuwa zimejipatia ekari zao ziliendelea kulima, kuoana, kuzikana na kucheza besiboli (walikuwa na timu yao, Nicodemus Blues). Kutoka kijiji kile, miaka mingi baada ya reli, alizaliwa Veryl Switzer, mjukuu wa watu waliotoka utumwani, ambaye mwaka 1954 alichaguliwa wa nne nchi nzima kuingia ligi kuu ya mpira wa Kimarekani na kuchezea Green Bay Packers. Alifariki mwaka 2022.

Sasa kama si reli, ni nini? Miaka ya 1930 ilileta ukame, vumbi lililofunika mashamba, na bei ya ngano iliyoanguka hadi haina maana. Hayo yaliwapiga wote, weusi kwa weupe. Lazima niwe mkweli hapa: kaunti nzima ya Graham imekuwa ikipungukiwa watu tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na trekta moja linalofanya kazi ya familia kumi limepunguza watu kwenye miji mingi ya Kansas ambayo haina mtu mweusi hata mmoja. Posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Ukiishia hapo, utasema ni mambo ya dunia, hakuna wa kulaumiwa.

Lakini usiishie hapo.

Mkulima wa ngano anaishi kwa mkopo. Anakopa kabla ya kupanda, ananunua mbegu, mbolea na mafuta, analipa akivuna. Mkopo ukichelewa miezi miwili hauna tofauti na mkopo ulionyimwa, maana mvua haisubiri karani. Na kwa miongo mingi mikopo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipitia kwenye kamati za kaunti zilizochaguliwa na wakulima wenyewe. Ni jambo zuri ukilisoma kwenye karatasi. Ila kamati karibu zote zilikuwa za wazungu watupu, na jirani yako anayeamua kama upate mkopo ndiye huyohuyo ambaye ukifilisika atanunua shamba lako kwa bei ya kutupa. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000. Kufikia mwaka 1997 walibaki 18,000 na ushee. Hata ukikata wale waliohamia viwandani kwa hiari yao, hesabu hiyo haiwezi kuelezwa kwa ukame peke yake.

Wakulima weusi waliishtaki wizara. Kesi inajulikana kwa jina la Pigford, na wakulima wa Kansas walikuwamo. Mwaka 1999 Jaji Paul Friedman aliidhinisha maridhiano, na akaianza hukumu yake kwa kukumbusha ile ahadi ya kale ya ekari arobaini na baghala mmoja, ahadi ambayo haikutimizwa. Fidia iliyolipwa ikapita dola bilioni moja. Wengi walipata dola 50,000. Kwa bei ya ardhi na mashine za leo, hizo haziwezi kumrudishia mtu shamba.

Sasa weka tarehe mbili pamoja. Mwaka 1996, baada ya kampeni ndefu ya wazao wa Nicodemus wakiongozwa na Angela Bates, serikali kuu iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Miaka mitatu baadaye, serikali hiyohiyo, kupitia wizara nyingine, inakubali kulipa watu waliosema mashamba yao yalipotea kwa kubaguliwa na ofisi zake. Mkono mmoja unapaka rangi kanisa, mwingine unalipa fidia kwa waumini walioondoka.

Sisemi Angela Bates na wenzake walikosea. La hasha! Bila wao hoteli ile ingeshakuwa rundo la mawe, na hii historia ningeisikia wapi? Ninachosema ni kwamba kutunza majengo ni rahisi kisiasa. Jengo halidai mkopo kwa wakati. Jengo haliendi mahakamani. Ukilitengeneza, unakata utepe na kupiga picha, na kila mtu anafurahi. Kumtunza mkulima kuna maadui. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa kuwafutia madeni wakulima wasio wazungu. Ukapingwa mahakamani, ukasimamishwa, na mwaka 2022 ukafutwa. Badala yake ukaja mpango wa kumfidia yeyote aliyebaguliwa kwenye mikopo ya wizara, na mwaka 2024 zikalipwa dola kama bilioni mbili kwa watu zaidi ya 43,000. Ni nafuu, sibishi. Lakini ni fidia tena, yaani malipo ya kilichokwishapotea.

Nimesikia hoja ya upande wa pili: kilimo ni biashara, asiyeweza aache, na hakuna sababu ya kuhifadhi wakulima kama unavyohifadhi faru. Ningeikubali hoja hiyo kama jirani mzungu wa Kansas naye angekuwa analima bila msaada wa serikali. Halimi hivyo. Ruzuku na bima ya mazao vinamshikilia mwaka hadi mwaka. Tatizo halikuwa msaada, tatizo lilikuwa nani aliufikia.

Na kuna jambo moja ambalo wale wapiga picha wa maghala yaliyoinama hawalioni, kwa sababu huwa hawaendi siku zenyewe. Wikiendi ya mwisho ya Julai kila mwaka Nicodemus inajaa. Sherehe hii imetokana na kumbukumbu za tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kutumika kwenye visiwa vya Karibiani, na watu wa Nicodemus wameifanya tangu siku za mwanzo. Wazao wanatoka Denver, Topeka, California na kwingineko. Kuna gwaride, kuna nyama choma, kuna ibada, kuna mabibi wanaowaonyesha wajukuu kaburi la nani ni lipi. Wengi wao hawajawahi kulala usiku mia moja pale tangu wazaliwe, lakini ukiwauliza kwao ni wapi, watakutajia Nicodemus. Sisi hatuhitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Nusu yetu tuliozaliwa mjini tukiulizwa "kwenu wapi?" tunataja kijiji ambacho hatujakanyaga tangu mazishi ya babu, na hakuna anayeona ajabu. Karani wa sensa ndiye hana safu ya kuandika neno "kwetu".

Ndiyo maana neno mahame silikubali. Mahame ni mahali ambapo watu wamehama na hawana nia ya kurudi.

Hata hivyo, sherehe hailimi. Jumatatu asubuhi magari yanaelekea magharibi na mashariki, ukumbi unafungwa, na mgambo wa hifadhi anabaki na watalii wake wachache. Ngano ya Kansas hupandwa kuanzia Septemba, majuma machache tu baadaye, kwenye mashamba yaleyale yaliyochimbwa kwa majembe ya mkono mwaka 1878. Ningependa kujua kwamba kati ya wale vijana waliocheza kwenye gwaride, yuko mmoja aliyeomba mkopo wa mbegu mwaka huu, na kwamba umefika kabla ya mvua.