Kabla Shamba Liuzwe Ndio Usomee Ndege

Wasee, msimu wa kuchagua kozi umefika na DM zangu zimejaa swali moja: "Ni chuo gani kiko poa kwa uhandisi wa anga?" Wacha niwajibu venye ningependa mtu angenijibu mimi nikimaliza Form Four.

Mimi nilianza vibaya. Nilichukua orodha ya vyuo bora duniani nikaanza kutuma maombi kutoka juu nikishuka. Chuo kimoja huko Marekani kikanipa nafasi, lakini bila ufadhili hata wa shilingi. Barua ilipofika mathe alilia kwa furaha. Buda naye akaanza kupigia watu simu kuhusu shamba la guka.

Aliyetusimamisha ni shosh. Aliniuliza swali moja tu: "Ukimaliza, nani atakuandika kazi?" Sikuwa na jibu. Nikaingia intaneti kulitafuta.

Nilichopata ni hiki. Marekani wako na sheria inaitwa ITAR. Inalinda teknolojia ya silaha na roketi, na kama wewe si raia wala mkaazi wa kudumu, kampuni inahitaji kibali cha serikali ndio ikuonyeshe hiyo kazi. Kusoma utasoma, karo watapokea, lakini kampuni nyingi hazitaki hiyo shida. Hakuna aliyenieleza hivyo wakati nilikuwa najaza fomu.

Sawa, basi nirudi nyumbani? Hapa Kenya, kwa sheria ya wahandisi ya 2011, huwezi kujiita mhandisi kama hujasajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Na bodi inaangalia kama digrii yako inatambulika. Kwa hivyo, iwe ni Technical University of Kenya, Kenyatta University ama chuo cha ng'ambo, anza na orodha ya EBK kabla ulipe chochote. Usiulize mtu wa ofisi ya usajili peke yake, juu kazi yake ni kukusajili.

Kitu kingine wengi wanachanganya: kama ndoto yako ni kushika injini ya ndege na kuitilia sahihi iruke, digrii peke yake haikupi hiyo ruhusa. Unahitaji leseni ya ufundi wa ndege kutoka KCAA. Hiyo ni njia tofauti, na chuo cha usafiri wa anga pale Embakasi kimefunza watu kwa miaka mingi. Jua kwanza unataka kuchora ndege ama kuitengeneza ikiharibika.

Na si ati Kenya hatuna historia. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Disemba 1970. Mwaka wa 2018 University of Nairobi ikapeleka 1KUNS-PF. Mwaka wa 2023 Taifa-1 ikapaa na roketi ya SpaceX kutoka California. Lakini fikiria setilaiti inahitaji nini: saketi, programu, mawasiliano, vyuma. Hiyo ni kazi ya watu wa umeme, kompyuta na mekanika pia.

Ndio maana maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika: kama familia yako haina pesa ya kuchezea, soma uhandisi wa mekanika ama wa umeme hapa nyumbani kwanza, kwenye chuo kinachotambulika. Halafu tafuta uzamili wa anga ng'ambo, ukiwa na ufadhili. Ukipata ufadhili kamili saa hii, enda, usiangalie nyuma. Lakini shamba liuzwe juu ya jina la chuo? Hapana.

Kuna rafiki yangu aliniambia naua ndoto za watu. Si kweli. Mimi bado nataka kujenga setilaiti. Niko mwaka wa pili, mekanika, na wikendi nasoma kuhusu mizunguko ya setilaiti mpaka usiku. Shamba bado liko, na mahindi ya mwaka huu yamekubali.

Kwa hivyo kabla ubonyeze kitufe kwenye KUCCPS, muulize shosh wako swali lake. Na kama uko na barua ya chuo mezani saa hii, niambie hapo chini: nani anailipia?