Kabla ya kutembeza bakuli tena, vyama vya mpakani vionyeshe daftari

Katika masoko ya mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi vijiji vya kando ya bwawa la Mofwe, neno "mchango" limeanza kuwafanya watu wageuze uso. Mfanyabiashara anayevusha samaki, unga, sabuni au mafuta ya kula kati ya Zambia na Kongo hujiunga na chama ili apate wa kumsemea. Hulipa kiingilio, hupewa kitambulisho, hulipa ada ya mwaka. Baada ya hapo ndipo safari inapoanza: mchango wa nauli ya mwenyekiti kwenda Lusaka, mchango wa kumpokea mgeni, mchango wa fulana, mchango wa wakili, mchango wa mkutano mkuu, na mwishowe mchango wa kujazia mchango uliopita ambao haukutosha.

Viongozi wengi wakiona mikono imeanza kuwa mizito, hukimbilia kusema wanachama ni wachoyo, au hawajui maana ya umoja. Hilo si kweli, na ushahidi uko sokoni humohumo. Mama yuleyule anayejificha akimwona mweka hazina wa chama, siku ya chilimba huwa wa kwanza kufika. Upande wa pili wa ziwa Wakongomani huuita mchezo huo likelemba, Watanzania huuita upatu. Jina hubadilika, lakini desturi ni moja: watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja wao anaondoka na fedha zote. Mama huyo atakopa, atauza kwa hasara, atalala na njaa, lakini zamu ya chilimba hataikosa.

Tofauti haiko kwenye moyo wa mtoaji. Katika chilimba kila mtu anajua mambo matatu kabla hajatoa hata ngwee moja: atatoa kiasi gani, mpaka lini, na nani atapokea siku ipi. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Atakayekula zamu ya mwenzake atajulikana kabla jua halijazama. Katika vyama vingi vya wafanyabiashara, wavuvi na wauza sokoni, mambo hayo matatu hayajulikani. Mwanachama anaambiwa kiasi, lakini mwisho wa mchango hauna tarehe, na fedha zikishatoka mkononi haambiwi zilifika wapi. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine viongozi husahau kwamba mfuko wanaouomba una midomo mingine mingi. Mfanyabiashara wa ziwani hulipa boti, hulipa wabebaji, hulipa ushuru wa soko, hununua barafu au hulipia kukaushiwa chisense. Upande wa Kongo, amri ya serikali ya mwaka 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa ubora wa bidhaa na afya. Lakini anayevuka na mzigo anajua kwamba mikono inayonyooshwa mara nyingi huwa zaidi ya hiyo minne. Anapofika nyumbani na kukuta ujumbe wa chama kwenye simu ukimtaka "atume haraka kabla ya saa 12 jioni", haoni tofauti kubwa kati ya chama chake na wale waliomsimamisha njiani.

Kuna pia suala la majira. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi hiyo mitatu fedha za mwambao hukauka, na ni kipindi hichohicho ambacho wazazi hutafuta fedha za kuwarudisha watoto shule Januari. Chama kinachoitisha mchango Januari kinaomba kwa mtu ambaye mwenyewe anaomba.

Ni haki kuusikiliza upande wa viongozi. Wengi hawalipwi mshahara. Kutoka Nchelenge hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,000, na hakuna ofisi ya serikali inayolipa nauli ya mchuuzi anayekwenda kulalamikia tozo. Simu, karatasi, malazi na chakula vyote vina gharama. Chama kisicho na fedha hubaki kuwa mhuri na katiba kwenye sanduku. Kwa hiyo swali si kama wanachama wachange au wasichange. Swali ni jinsi fedha zinavyoombwa na zinavyotolewa hesabu.

Aliyedhani kwamba ukubwa wa chama ni kinga atazame Marekani. Huko kuna chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilichoanzishwa mwaka 1871, chenye wanachama wanaohesabiwa kwa mamilioni na chenye sauti iliyowatisha maseneta na marais. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia hoja yake kuhusu bunduki, lakini funzo lililo hapa ni la mfuko. Kwa miaka mingi wanachama wake walilalamika kwamba hawapumui: barua za kuomba fedha, simu za kuomba fedha, onyo baada ya onyo kwamba wasipotoa leo, kesho bunduki zao zitachukuliwa. Aliyelipa ada ya mwaka aliombwa aongeze. Aliyelipa ada ya maisha naye aliombwa aongeze.

Mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alikishitaki chama hicho na viongozi wake kwa matumizi mabaya ya fedha. Mahakamani zilisomwa habari za ndege za kukodi, safari za Bahamas na suti za bei ghali za Wayne LaPierre, aliyekiongoza chama tangu 1991. Januari 2021 chama kiliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mei mwaka huohuo jaji akaitupa kesi hiyo. LaPierre alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimkuta na hatia ya kukiuka wajibu wake kwa chama na kumtaka alipe zaidi ya dola milioni 4. Julai 2024 jaji alimzuia kwa miaka 10 kushika kazi ya kulipwa katika chama hicho.

Kabla mambo hayajafika kwenye hukumu, wanachama walikuwa wameshaanza kupiga kura kwa miguu. Mapato ya ada yalishuka sana, huku gharama za mawakili zikipanda. Chama kilichokuwa kikiwatisha wanasiasa kikajikuta kikipigania uhai wake chenyewe. Wapinzani wake wa kisiasa walikuwa wamejaribu kukidhoofisha kwa miongo mingi bila kufaulu. Kazi hiyo ilifanywa na mfuko usio na hesabu.

Karibu na nyumbani, Kenya nayo ina somo lake. Harambee ilijenga shule na zahanati nyingi baada ya uhuru, kwa sababu mwanakijiji aliyetoa shilingi aliona ukuta ukipanda. Baadaye ikageuka jukwaa la wanasiasa kuonyeshana mabunda ya noti ambayo chanzo chake hakikuulizwa, na barua ya mchango kutoka kwa chifu ikawa kama hati ya kodi. Mwaka 2003 Kenya ilipitisha sheria ya maadili iliyowabana maofisa wa umma katika uchangishaji. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza tena kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee. Kitu kilichozaliwa kizuri kilihitaji kufungwa breki mara mbili, kwa kuwa hesabu ilitengana na mchango.

Mwambao wa Mweru hauna sababu ya kungoja mahakama wala amri ya rais, na hauna uwezo wa kupoteza vyama vyake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022; Zambia haimo. Nchi zote mbili zimo COMESA na SADC. Mfanyabiashara anayevuka ziwa asubuhi na kurudi jioni anapita kati ya kanuni hizo zote bila mtu wa kumweleza ni ipi inamhusu. Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA, ulioanza kutumika mwaka 2010 katika mipaka ya Zambia, Malawi na Zimbabwe, unamwezesha mwenye mzigo mdogo kujaza fomu fupi na kupata cheti cha asili ya bidhaa hapohapo mpakani, bila wakala wa forodha. Lakini orodha ya bidhaa na kiwango cha thamani hukubaliwa mezani kati ya nchi na nchi. Chisense au mihogo ikikosekana kwenye orodha, atakayeumia ni mchuuzi, na hataitwa peke yake mezani kueleza shida yake. Huitwa chama.

Wanachama wakijitoa, kiti hicho hakibaki wazi. Watabaki watu watano wenye mhuri, watakaokwenda kwenye mikutano wakidai kuwasemea wafanyabiashara wote wa ziwa. Na mpakani, mama mwenye magunia mawili atasimama peke yake mbele ya ofisa, kama alivyosimama kabla chama hakijazaliwa. Wengi wa wanaofanya biashara hii ndogo ya kuvuka mipaka ni wanawake. Wao ndio watakaolipa gharama ya chama kufa.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali, kwa sababu chilimba imeshaifundisha. Kwanza, ada iwe moja kwa mwaka, ikokotolewe kwa kuzingatia bajeti iliyosomwa mkutanoni, na ikusanywe kati ya Machi na Novemba wakati samaki wako sokoni. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 300. Kila mmoja akitoa kwacha 20 kwa mwezi kwa miezi hiyo 9, chama kinapata kwacha 54,000. Kiasi hicho kikipangwa mapema kinaweza kulipa safari na shughuli za ofisi bila kumsumbua mtu kila wiki.

Pili, mchango wa dharura uruhusiwe, lakini uwe na jina, kiwango na tarehe ya mwisho. Wakili akihitajika, wanachama waambiwe anadai kiasi gani, na kiasi hicho kikifika, uchangishaji usimame. Kikizidi, ziada itangazwe na wanachama waamue itakwenda wapi.

Tatu, fedha zisitumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Ziingie kwenye akaunti ya chama yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila atoaye apate stakabadhi, hata kama ametoa kwacha 5. Nne, mapato na matumizi yabandikwe sokoni kila mwisho wa mwezi, kwa Kibemba na Kiswahili, mahali ambapo muuza nyanya na mwenye boti wote watapita. Ukurasa mmoja unatosha: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kiongozi aliyesafiri aeleze pia alikutana na nani na akarudi na jibu gani, maana nauli bila jibu ni hasara kama mzigo uliozama.

Wanachama nao wana sehemu yao. Kulalamika kwenye foleni ya boti na kunyamaza kwenye mkutano mkuu ni kumpa mweka hazina ruhusa ya kuendelea. Mwanachama aliyelipa ada ana haki ya kuona daftari, na haki hiyo haihitaji kuombwa kwa kunyenyekea. Aulize kwa heshima, mbele ya wenzake, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kiongozi akikataa kujibu mara mbili, uchaguzi upo. Hata huko Marekani, baada ya kashfa, baadhi ya wanachama waliotaka mabadiliko hawakuondoka; waligombea nafasi kwenye bodi na wakashinda.

Kuna viongozi watakaoona haya yote kama dharau. Ingefaa waone ni msaada. Mweka hazina mwaminifu ambaye hana karatasi ya kuonyesha hana tofauti na mwizi mbele ya umati uliokasirika, na wako waliovunjiwa heshima zao kwa deni ambalo hawakulila. Daftari humlinda yeye kwanza.

Uvuvi utafungwa tena Desemba 1. Kila chama cha mwambao kiitishe mkutano Novemba, wakati watu bado wana fedha na bado wako sokoni, kisome hesabu ya mwaka mzima na kupanga ada ya msimu ujao. Kisipokuwa na hesabu ya kusoma, kisiombe chochote mpaka kiwe nayo.