Mashina 30, mavuno ya mashina 20

Ndugu wakulima, katika mikutano yetu neno moja linarudi kila mara: "Ongezeni migomba, mutapata mingi." Sisi pia tulilisema. Leo tunataka kulipima kwa hesabu, juu mashamba yetu ni madogo na minervali ya watoto inatoka humo humo.

Tuchukue mfano. Kipande kimoja kina mashina 20 ya migomba, na kila shina linatoa kilo 60 kwa mwaka. Kila shina tunaloongeza linagawana na mengine mbolea, maji na jua. Kwa hiyo mavuno ya kila shina yanapunguka kilo 2. Tupande mangapi?

20 × 60 = kilo 1200
22 × 56 = kilo 1232
23 × 54 = kilo 1242
24 × 52 = kilo 1248
25 × 50 = kilo 1250
26 × 48 = kilo 1248
30 × 40 = kilo 1200

Angalieni mstari wa mwisho. Mwenye mashina 30 amechimba mashimo 10 zaidi, amebeba samadi mingi, na kilo zake ni zile zile za mwenye 20. Tena mikungu yake ni midogo, na mkungu mdogo hauna bei nzuri sokoni.

Watoto wetu wa sekondari wana njia fupi. Wanaandika mavuno hivi: (20 + x) × (60 − 2x), x ikiwa ni mashina ya kuongeza. Kisha wanatafuta derive, ndiyo kusema: tukiongeza kidogo tena, mavuno yanapanda ao yanashuka? Wanapata 20 − 4x. Hiyo ikifika sifuri, x ni 5, na mashina ni 25. Ukipita hapo, unateremka.

Lakini kwa maoni yetu, 25 bado si jibu la mkulima. Shina si la bure. Tuseme samadi na kazi ya shina moja ni sawa na bei ya kilo 8. Shina la 23 linaongeza kilo 10: ni faida. La 24 linaongeza kilo 6 tu: ni hasara. Basi tunasimama kwa 23, hata kama kilo zingepanda bado kidogo. Tunakula na kulipa kwa kile kinachobaki, si kwa kile kinachopimwa.

Namba hizi ni za mfano. Udongo wa mlimani si ule wa bondeni. Ndiyo maana tunaomba kila kikundi kitenge vipande viwili vya ukubwa sawa: kimoja kwa nafasi anayoshauri agronomu, kingine kwa ile tuliyozoea. Mizani isilale katika depo. Ipime kila mkungu kwa mwaka mzima wa mavuno. Daftari liandikwe kilo, samadi na siku za kazi.

Tunajua anayebananisha migomba anaogopa njaa, na hatumlaumu. Lakini woga hauongezi kilo. Mwenye mtoto wa sekondari amuite, wakae pamoja na daftari. Kabla ya kuchimba shimo lingine, tujiulize: hili litaleta kilo ngapi, na litakula ngapi?