Miavuli ya Kariakoo inastahili jina la aliyeibuni

Anayepita Mtaa wa Mkunguni saa nne asubuhi hana nafasi ya kuangalia juu. Mkokoteni unaomba njia, kuli kabeba gunia la vitunguu, na mkono mmoja lazima ubaki kwenye mfuko wenye simu. Ndiyo maana vizazi viwili vya wakazi wa Dar es Salaam vimenunua nyanya na dagaa katika Soko Kuu la Kariakoo bila kuzingatia kwamba paa lililowakinga na jua ni kazi ya ustadi wa hali ya juu.

Paa hilo ni miavuli ya zege iliyopinduliwa. Kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, kingo zake zimeinuka kuelekea angani, na mvua ikinyesha maji hukimbilia katikati, yakashuka hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Zege lililopindwa hivyo hubeba uzito kwa umbo lake, kwa hiyo halihitaji kuwa nene. Félix Candela alipata sifa kubwa nchini Mexico katika miaka ya 1950 kwa kujenga maganda ya namna hiyo. Kariakoo mbinu hiyo ilipewa kazi nyingine: kivuli kipana, pande zilizo wazi zinazopitisha upepo, na mwanga wa kutosha kwa mteja kuona kama embe limeiva. Kwa jiji lenye joto la Dar es Salaam, hayo yote bila feni hata moja ni mafanikio makubwa.

Aliyebuni ni Mtanzania, Beda Amuli. Alisomea usanifu majengo Haifa, Israel, akarudi nyumbani na baadaye kufungua ofisi yake mwenyewe, wakati ambapo michoro ya majengo makubwa ya jiji ilitoka karibu yote mikononi mwa wageni. Soko lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, na Desemba 1975 Mwalimu Julius Nyerere akalifungua rasmi. Chini ya ardhi, kule wafanyabiashara walikokuita shimoni, mizigo ya jumla ilishushwa; juu yake vikapangwa vizimba vya rejareja. Taifa lenye umri wa miaka 14 lilikuwa limemkabidhi kijana wake soko kuu la jiji lake kubwa, naye hakuliangusha.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na historia nzito. Wajerumani walijenga hapo ukumbi kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipoliteka jiji mwaka 1916 wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, wale waliobebeshwa risasi na chakula cha vita visivyokuwa vyao. Mwaka 1923 ukumbi ukageuzwa soko. Amuli, kwa hiyo, alijenga mahali ambapo Mwafrika aliwahi kupangwa mistari kama mbeba mizigo. Ni vigumu kutoona uzito wa jambo hilo.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Mali za wafanyabiashara ziliteketea, na wengine hawajainuka tena hadi leo. Jengo, hata hivyo, halikuanguka. Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga soko jipya la ghorofa kando yake, mradi wa takriban shilingi bilioni 28. Uamuzi wa kulibakiza la zamani ulikuwa sahihi na unastahili pongezi, maana katikati ya jiji mazoea yamekuwa kubomoa kwanza.

Kariakoo yenyewe ni ushahidi. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa kati na ua wa nyuma zimeondoka moja baada ya nyingine, nafasi zao zikachukuliwa na maghorofa yaliyobanana hadi upepo haupiti. Novemba 16, 2024 moja ya maghorofa hayo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya msiba kama huo, jengo la umma lililosimama kwa miongo kadhaa na kuhimili moto lingepaswa kuwa darasa la kila fundi na kila mwekezaji anayechimba msingi mtaani hapo.

Ukarabati pekee hautoshi kulilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa, na soko hili lina sifa zote. Pande zilizo wazi zisizibwe kwa mabati wala vioo kila anapotokea mpangaji anayetaka duka zaidi, na mifereji ya paa isafishwe kabla ya kila msimu wa mvua. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi waruhusiwe kupima kila mwavuli na kuchora upya jengo zima, ili michoro iwepo hata yatokee maafa mengine. Na mlangoni, pale wateja wanapoingilia, Shirika la Masoko liandike kwa herufi kubwa: Beda Amuli, msanifu.