Mji Unaouza Bawaba

Kila ninapofika mji wa kale, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni duka la bawaba. Makumbusho yatangoja. Mtalii hanunui bawaba. Anayenunua bawaba ana mlango uliolegea, na ana nia ya kulala nyuma ya mlango huo mwakani na mwaka wa pili yake. Duka hilo likihama, ujue mwenye mlango naye yuko njiani kuhama, na mimi niliyekula jasho langu kwenye kuta za chokaa tangu ujana najua kinachofuata: mvua inaingia paani na hakuna wa kuisikia.

Ascoli Piceno nililikuta asubuhi mapema, katika kichochoro kilicho nyuma ya uwanja mkuu. Dirishani kuna bawaba za shaba na za chuma, makomeo, vitasa, brashi za kupakia chokaa, sumu ya panya. Ndani, mzee aliyevaa koti la buluu la kazi alikuwa akipima misumari kwa mizani na kuifunga katika karatasi. Mpwa wangu, anayesoma usanifu majengo katika skuli ya Chuo Kikuu cha Camerino iliyoko mjini humo, alisimama mlangoni kashika kiuno. "Mjomba, umetoka Unguja kuja kutazama misumari?" Nikamwambia ndiyo, na jozi ya bawaba nikanunua.

Ascoli ni makao makuu ya mkoa mdogo katika jimbo la Marche, upande wa mashariki wa Italia, si mbali na Bahari ya Adriatiki. Wakazi wake hawafiki elfu hamsini. Mito miwili, Tronto na Castellano, inauzunguka, na barabara ya kale ya Salaria, iliyokuwa njia ya chumvi kati ya Roma na pwani hiyo, inapita hapo. Wageni wengi wa Italia huishia Venice, Florence na Roma. Treni ya Ascoli inatoka pwani, ikifika mjini imefika mwisho wa reli. Hakuna anayeshuka hapo kwa kupitiwa na usingizi ila amelala kweli. Na jingine la kukumbuka: mji huu haumo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar umo tangu mwaka 2000.

Karibu mji mzima umejengwa kwa travertino. Ni jiwe la chokaa linaloachwa na maji ya chemchemi zenye madini, na ukipanda bonde la Tronto utafika Acquasanta Terme, ambako watu huoga maji hayo yakiwa moto mpaka leo. Ukilitazama kwa karibu, lina vitundu vitundu. Nilipolipapasa niliona nimekutana na jamaa wa mawe yetu ya matumbawe: mmoja kazaliwa na bahari, mwenziwe na chemchemi, na wote wawili ukiwatia tanuuni wanakuwa chokaa. Barabara ni za jiwe hilo, makanisa, vizingiti vya madirisha, minara, hata sakafu ya uwanja mkuu, Piazza del Popolo, ambayo nyayo zimeisugua mpaka inang'aa.

Uwanja huo ni mrefu kuliko ulivyo mpana, na umezungukwa na vibaraza vya matao ya chini, juu yake nyumba za matofali za mwanzoni mwa karne ya 16, zote za kimo kimoja. Upande mmoja kuna jumba la Capitani lenye mnara, ambalo lilichomwa moto mwaka 1535 katika ugomvi wa kisiasa na likakarabatiwa. Kichwani mwa uwanja ni kanisa la Mtakatifu Francis, lililoanza kujengwa mwaka 1258. Kwenye mlango wake mkubwa kuna vinguzo vyembamba vya mawe ambavyo ukivipiga kwa kiganja kwa namna ya kusugua vinatoa sauti. Mpwa wangu alinionyesha. Nami nikavisugua, mwanamke mmoja aliyebeba mkate akatabasamu bila kusimama. Nadhani kila mtoto wa mji ule ameshavisugua.

Ila kilichonishika kwa muda mrefu kuliko vyote ni ukumbi ulioegemea kanisa hilo, Loggia dei Mercanti, uliojengwa na chama cha wafanyabiashara wa sufu mwaka 1513. Matao yake ni mazuri, sawa. Ukutani ndani ya ukumbi huo vimechongwa vipimo vya matofali na vigae. Umeuziwa tofali, una shaka nalo, unalichukua, unakuja kulilinganisha na jiwe mbele ya watu. Likipungua, muuzaji hana la kusema. Nilisimama pale mpaka mpwa wangu akaenda kununua maji na kurudi. Matofali ya saruji ya kwetu yanakonda mwaka hadi mwaka, na hatuna ukuta wa kuyapimia.

Nyuma ya kanisa kuna ua mkubwa wa iliyokuwa nyumba ya watawa, umezungukwa na matao, na katika ua huo wanauza mboga. Kwingine ua wa namna hiyo ungewekewa kamba, mlinzi na tikiti. Hapa mama mmoja alikuwa akibonyeza nyanya moja moja na kulalamikia bei, na nguzo ya mawe nyuma yake ilikuwa imefungwa mwavuli kwa kamba ya katani. Najua wahifadhi wenzangu watakaokunja uso kwa kamba ile. Mimi ningeiacha. Nguzo inayofungwa mwavuli kila siku ina mtu wa kuona ufa siku unapotokea.

Saa saba mchana milango ya chuma ya maduka ilianza kushushwa, mmoja baada ya mwingine, hadi ya bawaba. Watoto wa shule wakajaa njiani na mabegi yao, kisha nao wakapotea, mji ukabaki wetu na njiwa. Kuna wageni wanaochukia saa hizo. Kwangu zilikuwa ushahidi: mtu anayefunga duka kwenda kula nyumbani, nyumbani kwake ni karibu. Tukala tulichokipata wazi. Zeituni za Ascoli zinajulikana Italia nzima: kubwa, laini, hutolewa kokwa kwa kuzungushiwa kisu, hujazwa nyama ya kusaga, huviringishwa katika chenga za mkate na kukaangwa, zikauzwa katika karatasi iliyokunjwa. Nyama yenyewe ni ya ng'ombe, kuku na nguruwe, kwa hiyo zile zilinipita. Nilikula zeituni hizo hizo za maji ya chumvi, na vipande vya krimu nzito iliyokaangwa, ambavyo wao huvila pamoja na vya chumvi bila kuona ajabu.

Jioni tulipotaka kahawa tuliingia Caffè Meletti, mkahawa wa mwaka 1907 ulio uwanjani, wenye meza za marumaru na dari ya maua. Hapo mwanafunzi mwenzake mpwa wangu akanieleza mashindano yao ya Quintana. Kila Agosti, mitaa sita ya kihistoria ya mji hutoa wapanda farasi, nao hupiga mbio na kulichoma mkuki sanamu la Mmoro, yaani Mwislamu wa zamani za vita. Kijana alifika kwenye neno hilo, akaiona kofia yangu, akasita. Kisha akanilipia kahawa. Sikuona haja ya kumfanya aombe radhi kwa niaba ya karne zilizopita. Nilitaka kujua zaidi kuhusu mitaa: nani anashona nguo, nani anapiga ngoma, mtaa upi haujashinda siku nyingi. Akanijibu yote, na kwa hasira ya kweli. Mtaa uliogeuka vyumba vya wageni hauwezi kutoa wapiga ngoma.

Lakini nimeruka mchana. Tulishuka kwenye daraja la Solestà, kazi ya Warumi wa zama za Augusto: tao moja tu la mawe juu ya Tronto, na magari yanapita juu yake mpaka leo. Hatua chache kutoka hapo kuna birika la kufulia nguo la karne zilizopita, lenye kingo zilizoinamishwa kwa ajili ya kusugulia. Kurudi tulifuata vichochoro wanavyoviita rua, vingine vyembamba kiasi cha kugusa kuta zote mbili. Mji huu ulikuwa na minara ya mawe ya koo kubwa, wao husema ilifika mia mbili, na inayosimuliwa kuangushwa na Mfalme Frederick II mwaka 1242 ni zaidi ya tisini. Iliyobaki mingine ina nguo zilizoanikwa.

Kwenye vichochoro hivyo ndipo nilipofanya kazi yangu. Nilitazama viungo vya mawe, chokaa iliyopachikwa upya kwa subira, na vichwa vya vyuma vilivyojitokeza nje ya kuta. Vyuma hivyo ni fimbo zinazopita ndani ya nyumba kutoka ukuta hadi ukuta, kuzizuia kuta zisiachane ardhi inapotikisika. Na hapa inatikisika. Tarehe 24 Agosti 2016 tetemeko liliua watu 299 katika milima ya jirani; Arquata del Tronto, mji mdogo ulioharibiwa vibaya, uko katika mkoa huu huu. Mtakatifu wa mji, Emidio, ndiye wanayemwomba dhidi ya matetemeko. Mwaka 1486 Carlo Crivelli alimchora akiwa amebeba mji wa Ascoli mikononi, kwa ajili ya kanisa la Annunziata la mjini humo. Picha hiyo sasa iko National Gallery, London. Sisi ambao vitu vyetu navyo viko London tunaelewa.

Fimbo ya chuma, chokaa ya kuziba, kigae kimoja kilichoteleza: hizi ni kazi ndogo, na hazifanywi kwa mradi wa miaka mitano. Zinafanywa kwa sababu mtu alilala chini ya paa, tone likamwangukia usoni, asubuhi akaenda kwa mzee wa koti la buluu.

Sasa nirudi kwetu. Cheti cha UNESCO tunacho. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Cheti hakizibui mlizamu. Katika vichochoro nilivyojifunzia kazi, nyumba baada ya nyumba imekuwa hoteli au duka la vinyago. Wenye hoteli wana pesa, nao hutengeneza, siwakatalii. Wanatengeneza anachokiona mgeni. Nimeitwa mara nyingi kupaka plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa ili upendeze kabla ya msimu. Saruji inafunga unyevu ndani, chumvi inapanda, ukuta unaoza kimya kimya nyuma ya rangi mpya. Mwenye nyumba wa zamani angenusa ule ukungu. Mgeni analala usiku wake na kuondoka, na meneja hubadilishwa.

Watakaonijibu kwamba utalii ndio unaolipa mishahara Unguja wana haki. Sisemi wageni wasije. Nasema kila nyumba inayoombewa kibali cha kuwa hoteli ihesabiwe pamoja na kitakachoondoka nayo: familia zilizopangishwa humo, duka la mafuta ya taa la chini, fundi cherehani wa barazani. Leo vibali vinapimwa kwa rangi ya mlango na urefu wa jengo. Mtaa unaweza kutimiza masharti yote hayo ukiwa hauna hata mtu mmoja anayelala humo kwa mwaka mzima.

Mpwa wangu hakukubali niipambe Ascoli. Tulipofika kwake alinionyesha mlango wa jengo lao. Pembeni mwake vilining'inia visanduku vidogo vya chuma vyenye tarakimu za kubonyeza, ambamo wageni wa siku mbili tatu huchukua funguo bila kumwona mtu. "Mwaka nilipokuja hakikuwepo hata kimoja, mjomba. Na kodi yangu imepanda." Ghorofa ya juu, alisema, alikuwa akiishi bibi mmoja, akafa, watoto wake wako Milan. Italia nzima, mwaka 2023, watoto waliozaliwa hawakufika laki nne, katika nchi ya karibu watu milioni sitini. Nyumba za kurithiwa ni nyingi, warithi wa kukaa ndani ni wachache, na anayelipa kwa usiku hulipa zaidi ya mwanafunzi.

Nikamuuliza kama mzee wa bawaba ana mtoto wa kulishika duka. Akasema hajui, ila kwamba majuzi alipokwenda kununua balbu, mzee alimwambia wateja wake siku hizi ni mafundi wa hao wenye visanduku: wanakuja na gari, wananunua vitasa kumi vya aina moja kwa mkupuo, wanataka risiti. Biashara haijashuka, alisema mzee. Imepanda. Anachokosa ni watu wa kumwuliza bawaba ipi inafaa mlango wao.