Fundi wa Jairokopta Apimwe, Asishangiliwe Tu

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba fundi akitangaza kuwa anaunda chombo cha kuruka, hupata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni shangwe: wapiga picha hufika uani kwake, mkubwa fulani huketishwa kwenye kiti cha rubani, watu hupiga makofi, kisha msafara huondoka. La pili ni barua fupi yenye mhuri, ikimwamuru asithubutu kukiinua chombo hicho kutoka ardhini. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini kwa fundi mwenyewe hayana tofauti kubwa. Yote mawili humwacha pale pale alipokuwa, akiwa hajui kama panga alilolichonga litahimili uzito wake au litakatika.

Tumeyaona hayo kwa helikopta ya Tunduma, mkoani Songwe, na kwa ile iliyoundwa katika Chuo cha Ufundi Arusha. Sina haja ya kurudia habari zao. Ninachotaka kukijadili kutoka hapa Mirongo, mjini Mwanza, ni chombo kidogo zaidi ambacho hakijasemwa vya kutosha, nacho kinaifaa nchi ya wafugaji kuliko helikopta. Chombo hicho ni jairokopta.

Kwa mbali hufanana na helikopta, lakini utendaji wake ni mwingine. Injini hukaa nyuma ya rubani na kuzungusha pangaboi linalokisukuma chombo mbele. Mapanga ya juu hayaendeshwi na injini yanapokuwa angani; huzungushwa na upepo unaopita kutoka chini kwenda juu kadiri chombo kinavyosonga, na mzunguko huo ndio unaokibeba. Mhispania Juan de la Cierva alirusha cha kwanza kilichofaulu mwezi Januari 1923, baada ya vitatu vya awali kumshinda. Injini ikizimika, mapanga huendelea kuzunguka na chombo hushuka kwa utaratibu, mradi rubani asipoteze akili. Hakiwezi kusimama tuli hewani, lakini huenda polepole, hutua mahali padogo, na kile cha watu wawili cha siku hizi hutumia petroli kiasi cha lita 15 hadi 20 kwa saa. Wafugaji wa Australia wamekitumia kwa miaka mingi kuswagia ng'ombe katika mashamba yasiyoonekana mwisho.

Hapa kwetu Ranchi ya Kongwa, iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa iliyoundwa mwaka 1968, ina hekta zipatazo 38,000, yaani kilometa za mraba 380. Mchungaji wa miguu atajuaje kwamba uzio umekatwa upande wa pili, bwawa limekauka, au moto wa nyika umevuka barabara ya kuzuia moto? Atajua jioni, au kesho yake, au atakapohesabu mizoga. Ranchi ya Missenyi, mkoani Kagera, iliona ng'ombe wake wakiswagwa kuvuka mpaka majeshi ya Amin yalipoingia mwaka 1978. Na huku kwetu wizi wa mifugo ndio uliowasukuma wananchi wa Usukuma na Unyamwezi kuunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jicho la juu lina kazi katika nchi hii.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba mfugaji anahitaji josho na malambo kwanza. Josho na malambo anavihitaji kweli, wala hakuna anayepinga. Lakini kasumba ya kudhani kwamba ng'ombe ni mambo ya fimbo na ndege ni mambo ya mabwana imekwisha kukanushwa na historia yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1994 na 1997 ndege ndogo ziliruka juu ya kisiwa cha Unguja zikimwaga mbung'o dume zaidi ya milioni nane, waliokuzwa Tanga na kufanywa tasa, hata mbung'o wakatoweka kisiwani. Ndege zile zilifanya kazi ya mfugaji tu, na hakuna aliyeziita anasa.

Mwaka 2018, hapa hapa Mwanza, ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter, katika mradi wa DHL na GIZ, ilibeba dawa hadi Ukerewe, umbali wa kilometa 60, kwa muda wa dakika 40. Tulikwenda kutazama na tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Hata hivyo ni lazima tuulize: mgeni anapata wapi nafasi ya kujaribu chombo chake juu ya ziwa letu, ilhali fundi wa kwetu hapati hata mtu wa kumsomea mchoro wake? Na tuseme kweli yote. Wajerumani wale walikuja na mahesabu, kumbukumbu za majaribio na orodha ya kila kilichowahi kuvunjika. Fundi wetu huja na chombo kilichokwisha kupakwa rangi. Hakuna aliyemfundisha kwamba karatasi ni sehemu ya ndege.

Hapo ndipo hatari ilipo, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaodai fundi aachwe tu aruke kwa kuwa ni mzalendo. Jairokopta husifiwa kwa usalama, na kwa sababu hiyo huwadanganya wanaoibadili bila kuielewa. Tuchukue mfano wa kazi ya ranchi. Fundi anataka kunyunyizia dawa, basi anafunga tangi chini ya kiti. Anataka kutua kwenye mashimo, basi anaweka magurudumu makubwa mazito. Anataka nguvu zaidi, basi anafunga pangaboi pana, na ili lisigonge chini anaipandisha injini. Kila badiliko, likitazamwa peke yake, lina maana. Yakikutanishwa, kitovu cha uzito kimeshuka na mstari wa msukumo wa injini umepanda juu yake. Sasa injini haikisukumi chombo mbele tu; inataka pia kukibinua kifudifudi. Mapanga ya juu ndiyo yanayokizuia kisibinuke, maadamu yanabeba uzito. Siku rubani atakapousukuma usukani mbele kwa ghafla, akimfukuza ndama aliyechepuka, mapanga yatapoteza mzigo kwa nukta moja, na nukta hiyo yatosha. Chombo hupinduka, mapanga hupungua kasi na kukata mkia, na hakuna rubani, hata awe hodari namna gani, anayekirudisha.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa vifo. Chuo Kikuu cha Glasgow kilichunguza suala la uthabiti wa jairokopta katika miaka ya 1990, na mwaka 2005 mamlaka ya anga ya nchi hiyo iliwawekea masharti ya kasi na upepo wamiliki wa vyombo ambavyo mstari wa msukumo umepishana na kitovu cha uzito kwa zaidi ya inchi mbili. Inchi mbili! Fundi anayepima kwa macho atazionaje?

Na hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na saa nane mchana mwezi wa Septemba ni nyepesi zaidi. Injini ya kawaida hupoteza hapa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na chombo huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Anayenakili mchoro wa chombo kilichoruka pwani, akaongeza tangi la dawa, huenda akagundua kosa lake akiwa amebakiwa na mita chache kabla ya kuufikia mgomba wa jirani.

Kuruka chini chini juu ya ng'ombe si mchezo pia. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi ya majangili iliyopigwa kutoka ardhini alipokuwa akiruka kwa helikopta katika Pori la Akiba la Maswa, si mbali na huku kwetu. Anayedhani kwamba ranchi inatafuta kiinimacho cha sikukuu hajui kazi anayoizungumzia.

Kwa hiyo, ndugu maofisa, barua ya kukataza peke yake haitoshi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina haki na wajibu wa kuzuia chombo kisichopimwa kisimbebe mtu. Hilo silipingi hata kidogo. Lakini barua hiyo iandikwe kwa kurasa mbili, na ukurasa wa pili umweleze fundi apeleke wapi chombo chake ili kipimwe. Nchi hii ina TEMDO na CAMARTEC huko Arusha, na ina SIDO mikoani tangu mwaka 1973. Panga la jairokopta laweza kupimwa bila kuruka: hutundikwa mawe ya uzito unaojulikana, likatazamwa linapopinda na linapoanza kupasuka. Kitovu cha uzito hupatikana kwa kukining'iniza chombo kwa mnyororo darini na kupima pembe ya mwinamo wake. Kazi hizo hazihitaji fedha za kigeni; zinahitaji mtaalamu aondoke mezani asubuhi na kurudi jioni akiwa na vumbi.

Nanyi ndugu walimu wa fizikia, mada ya wenzo na kitovu cha uzito mnaifundisha kila mwaka kwa rula na kalamu. Kijana anayefahamu kwa nini rula huanguka upande mmoja amekwisha kufahamu nusu ya kinachomuua rubani wa jairokopta, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo lile lile.

Mmarekani Igor Bensen, ambaye katika miaka ya 1950 aliuza michoro na vipande vya jairokopta kwa mafundi wa majumbani, alianza na chombo kisicho na injini kabisa, kinachovutwa kwa kamba nyuma ya gari, na mwanafunzi alijifunza kushika usukani kimo kidogo tu kutoka chini. Mbuga za Misungwi, karibu na shamba la mifugo la Serikali la Mabuki, hukauka na kuwa ngumu kuanzia mwezi wa Julai. Wizara inayohusika na mifugo ianzie hapo, kwa kamba, gari moja na mkaguzi wa Mamlaka aliyesimama kando na daftari lake. Injini inaweza kungoja mwaka wa pili.