Usinihesabie Miji

Tangu nirudi kutoka Leipzig, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Umezunguka miji mingapi?" Naulizwa kafeteria, naulizwa kwenye foleni ya usajili, na juzi nimeulizwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, tena na mtu ambaye hata salamu yangu hakuipokea. Hakuna anayeuliza nilisoma nini. Hakuna anayeuliza walimu wa kule wanaandaliwaje, wakati hicho ndicho kilichonipeleka.

Wiki za mwanzo nilikuwa najibu kifua mbele: miji sita, nchi tatu, muhula mmoja. Nikiona mtu anakodoa macho, najisikia na mimi ni mtu. Siku hizi nimeacha kujibu hivyo, na nataka nieleze kwa nini, maana najua humu chuoni kuna watu wanaosubiri majibu ya maombi yao ya kwenda kubadilishana, na orodha ya miji tayari wanayo. Naongea na hao hasa.

Kwanza niseme ukweli, safari zenyewe ni rahisi, kazi ni kuzikataa. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani na pasipoti ambayo haijaisha muda, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila kuomba viza nyingine. Sisi ambao viza ya kwanza tu tuliitafutia karatasi mpaka tukachoka, kuambiwa kwamba unaweza kunywa chai Ujerumani na kula mchana Jamhuri ya Czech ni kama mtu amefungua geti akaondoka zake. Ndani ya Ujerumani nako kuna tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Bei imepanda tangu hapo, lakini inakupandisha treni za mikoa na mabasi ya mijini nchi nzima, na vyuo vingi huwapa wanafunzi kwa bei nafuu zaidi. Treni za mwendokasi haikuruhusu. Sawa tu, mwanafunzi ana haraka ya kwenda wapi?

Jikoni kwenye hosteli yetu tulikuwa watano: Mhispania, Muitaliano, Mturuki, Mganda na mimi. Alhamisi usiku mmoja anakaanga vitunguu, mwingine yuko kwenye simu: "Wikiendi hii wapi?" Kufika Ijumaa mchana tiketi zimeshakatwa. Tulikwenda Dresden, tukaenda Nürnberg, tukaenda Hamburg. Sitaki kudanganya, nilifurahi. Kijerumani changu kilikua ndani ya treni zile kuliko darasani, na Mganda ndiye aliyenifundisha kwamba yai lililokaangwa na kuviringishwa ndani ya chapati lina jina lake na heshima yake. Anayesema safari za wikiendi ni upotevu wa muda hajawahi kuwa mgeni mahali ambapo Jumapili maduka yote yamefungwa na hosteli nzima iko kimya.

Tatizo lilianza pale tulipoanza kuhesabu.

Novemba tulikwenda Praha. Basi la alfajiri, saa nne asubuhi tumefika, saa moja jioni tunaondoka. Saa tisa za kuuona mji ambao chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1348. Tulikuwa na orodha: daraja, ngome, saa ya kale, picha, chakula, basi. Kwenye ile saa maarufu iliyo ukutani mwa jengo la mji mkongwe tulisimama kama dakika arobaini kwenye umati tukisubiri igonge saa sita, sanamu zitokeze madirishani, tupige video. Zikatokeza, tukapiga, tukaondoka mbio.

Usiku ndani ya basi, nikiwa nachagua picha za kuweka stetasi, nikasoma maelezo ya kile nilichokipiga picha. Saa ile ni ya mwaka 1410, na duara lake la nje linahesabu saa kuanzia jua linapozama. Jamani! Mimi nimekulia kwenye lugha ambayo giza likiingia tunaanza kuhesabu upya, saa moja usiku, saa mbili usiku. Kule nilichoka kuwaeleza wenzangu kwa nini simu yangu inasema saba na mimi nasema moja. Na siku nzima nilisimama chini ya saa ya Ulaya, ya miaka mia sita, inayoanza kuhesabu jua likizama kama bibi yangu, na sikuinua macho kuisoma. Nilikuwa naangalia kioo cha simu.

Nikasoma tena kidogo, nikaumia zaidi. Kila aliyepita Shule ya Elimu ameandika jina la Comenius kwenye karatasi ya mtihani. Ni yule aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, akasisitiza kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe ndipo apewe neno lake, na mwaka 1658 akatoa kitabu cha picha cha kufundishia watoto, Orbis Pictus. Kwao anaitwa Komenský, na Praha kuna makumbusho ya elimu yenye jina lake, upande wa pili wa daraja lile lile tulilopigia picha. Ningetembea dakika chache tu. Mwanafunzi wa ualimu, niliyetoka Afrika Mashariki, nilipita karibu na mlango ule nikitafuta mahali ambapo mwanga wa selfi ni mzuri.

Basi lilipokaribia mpaka wakapanda askari wawili kukagua nyaraka. Mimi nilikuwa na kadi ya kibali tu, pasipoti nimeiacha chumbani. Mhispania alionyesha kitambulisho chake cha nyumbani, ikaisha. Mimi na Mturuki tuliulizwa maswali mpaka watu wakaanza kugeuka kutuangalia. Waliniachia kwa onyo, na onyo lilikuwa la haki. Pokea na wewe: kadi na pasipoti, vyote viwili, kila safari. Ila siku ile nililiona jambo lingine. Sisi watano tulikuwa safari moja, lakini si ya aina moja. Mhispania akikosea leo atarudi mwezi ujao. Mimi nilikuwa na miezi mitano.

Hapo ndipo wengi mtanijibu, na jibu lenu nalijua kwa sababu nimeshajijibu nalo mwenyewe: "Si ndo sababu ya kuzunguka kwingi? Nafasi ni moja, utarudi lini?" Kwa hoja hiyo hiyo, Januari nilikwenda Amsterdam.

Wiki ile mama alikuwa ameniandikia. Mdogo wangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza shule ya bweni, panahitajika godoro, sare na nauli, akauliza kama naweza kusaidia chochote. Nikamjibu, "Mama, mwezi huu nimebanwa." Haikuwa uongo kabisa. Nilikuwa nimebanwa na tiketi. Usiku mzima ndani ya basi kwenda, usiku mzima kurudi, katikati Jumamosi moja ya mvua, mifereji, baiskeli, na viazi vya kukaanga vya bei ambayo sitaiandika hapa. Nikaweka picha nne kwenye stetasi. Jioni nikafungua kuona nani ameziangalia. Jina la tatu lilikuwa la mama.

Hakuandika kitu. Kesho yake alinipigia, akaniuliza kama kuna baridi sana na kama nakula vizuri.

Mdogo wangu alianza shule na godoro la kuazima kwa jirani. Safari ya Vienna iliyokuwa inafuata niliifuta, hela yake nikaituma nyumbani, ikafika shule ikiwa na wiki ya tatu. Sielezi haya ili nionewe huruma, wala sisemi kwamba anayesoma nje hana haki ya kufurahi mpaka ukoo mzima umeshiba. Mama mwenyewe hakusema hivyo. Ninachosema ni kwamba hela ile, ingekuwa imenunua kitu nilichokiona kweli, ningeweza kumwangalia usoni. Nilikuwa nimenunua namba. Mji wa tano.

Februari, muhula ukiwa ukingoni, ilibaki Berlin. Tiketi ya mwezi ilikuwa imeshalipiwa, hivyo tukapanda treni za polepole za kubadilisha njiani. Mganda akaja na sharti: hakuna orodha, tunalala usiku mmoja, kila mtu anachagua kitu kimoja tu na anaeleza kwa nini, na wote tunakwenda kwa kila mtu. Mturuki akachagua Kreuzberg, kwa sababu babu yake alifika Ujerumani kama kibarua baada ya ule mkataba wa mwaka 1961 na akaishi pale. Muitaliano akachagua mabaki ya Ukuta. Mimi nikachagua Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, kwa sababu nilikuwa nimesikia tu kwamba "dinosa wetu" yuko pale.

Yuko. Ukiingia tu ukumbi mkubwa, yuko mbele yako, mita 13 na ushee kwenda juu, mifupa ya miaka kama milioni 150. Imetoka Tendaguru, mkoani Lindi, ikachimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiumiza kusini yote. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu, kichwani na mabegani, kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Miaka mitatu ya chuo, sikuwahi kulisikia jina hilo.

Mhispania akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huko Tendaguru pakoje?"

Nikakaa kimya. Mimi kusini nimeishia Mkuranga, kwenye harusi.

Tulikaa ukumbini pale saa mbili nzima. Wenzangu waliuliza, nami niliyojua niliwaeleza na nisiyojua nikawaambia sijui. Kesho yake, tukitoka Kreuzberg kwa miguu kwenda Neukölln kutafuta chakula, nikakuta kibao cha mtaa kimeandikwa Lucy-Lameck-Straße. Mtaa ule zamani ulikuwa na jina la Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyeivunja vita ya Abushiri pwani yetu. Mwaka 2021 wakauita kwa jina la Lucy Lameck, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia Bunge la Tanganyika. Sikuwa nimepanga kuuona. Kama tungerudi Jumamosi usiku kama kawaida yetu, nisingeuona.

Kwa hiyo jibu langu kwa hoja ya "nafasi ni moja" ni hili: kwa sababu ni moja, usiikate vipande kumi na viwili. Mwenzako wa Ulaya anaweza kupita Praha mbiombio, ataenda tena akiwa na mke na watoto. Wewe na mimi ndio hasa tusioweza kumudu kupita mbio. Nenda miji miwili, mitatu. Lala huko. Kila mmoja wenu aje na kitu chake na sababu yake. Hela ya safari itenge mwanzo wa mwezi, ya nyumbani itenge siku hiyo hiyo, na kama nyumbani huna cha kutuma, sema huna, usiseme umebanwa. Hili la mwisho limenigharimu kulijifunza.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo nina ombi nayo. Semina ya kuwaaga wanaokwenda nje inafundisha koti la kununua na jinsi ya kufungua akaunti ya benki. Ni vizuri. Lakini waiteni na waliorudi, waeleze walichokosa, siyo walichopiga picha tu. Na fomu ya kurudi isiulize ulitembelea wapi. Iulize umerudi na nini cha kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwakani mimi nitakuwa mbele ya darasa. Picha yangu kwenye daraja la Praha haitanisaidia kitu hapo, lakini Tendaguru naweza kuifundisha kipindi kizima.

Kuna deni jingine. Watu sita tuliokaa tukapiga hesabu wiki iliyopita tuligundua kwamba wanne wetu, miaka mitatu Dar es Salaam, hawajawahi kuingia Makumbusho ya Taifa pale Barabara ya Shaaban Robert. Mmoja wa hao wanne ni mimi, mwenye miji sita. Lindi itasubiri bumu, nauli yake si ya mchezo. Makumbusho haisubiri. Tunakwenda Jumamosi ya pili ya mwezi huu, tunakutana kituoni saa tatu asubuhi. Anayetaka aje na nauli ya daladala, kiingilio, na kitu kimoja anachotaka kukiona, na atueleze kwa nini.